Muulize Sevea: Radiani, manowari, na mzinga uliofika Kahe

Mwezi huu barua zimekuja kama zilizoambiana njiani. Ya kwanza ni ya mwanafunzi, na nilipoanza kuijibu nikakuta nyingine nne zinagonga nyumba ileile kwa milango tofauti. Nimeziweka pamoja. Walioniuliza mimi mpima ardhi habari za hatimiliki na hifadhi ya barabara wanivumilie hadi toleo lijalo.

SWALI: Shikamoo Babu Sevea. Nasoma kidato cha tano hapa Moshi, mchepuo wa fizikia, kemia na hisabati. Tumeanza radiani. Tangu shule ya msingi najua duara lina nyuzi 360, sasa naambiwa lina radiani 6.28 na ushee, namba isiyokwisha. Nilimuuliza mwalimu zinatumika wapi, akasema "kwenye manowari", akageukia ubao. Babu, sisi hatuna bahari, tuna Mto Karanga. Haya mambo nayasoma ya nini?

JIBU: Marahaba mjukuu wangu. Mwalimu wako hakukudanganya, alikuwa na haraka tu.

Kabla ya manowari nenda jikoni ukaombe ungo. Tafuta katikati yake, kisha kata kamba ya katani iwe na urefu kamili wa kutoka hapo katikati hadi ukingoni. Sasa ichukue kamba hiyohiyo uilaze juu ya ukingo, ifuate mviringo. Weka alama ya mkaa inapoanzia na inapoishia, halafu chora mistari miwili kutoka kwenye alama hizo hadi katikati. Pembe iliyopo baina ya mistari hiyo ni radiani 1. Kwa nyuzi ni kama 57.3. Ukiendelea kuilaza kamba kuuzunguka ungo wote, itaingia mara sita na kubakiza pengo dogo. Mimi nilifanya jana kwenye ungo wa mke wangu, ambao una sentimita 30 kutoka katikati hadi ukingo. Pengo lilikuwa sentimita 8 na nusu, karibu upana wa kiganja changu ukiacha kidole gumba. Hilo pengo ndilo ile 0.28 inayokukosesha usingizi. (Mkaa ule haukutoka wote, na nimesemwa. Tumia chaki.)

Nyuzi 360 ni mapatano ya watu, urithi wa Wababeli waliopenda kuhesabu kwa sitini. Ziko hata theodolaiti, vyombo vyetu vya kupimia pembe, ambazo duara lake limegawanywa mara 400, na zinapima vizuri tu. Radiani haikungoja mapatano ya mtu, imetoka kwenye ungo wenyewe. Ungo uwe mkubwa au mdogo, kamba itaingia mara sita na pengo lilelile kwa uwiano. Jina lake lilichapishwa mwaka 1873 kwenye maswali ya mtihani yaliyotungwa na James Thomson, profesa wa Belfast. Limezaliwa kwenye mtihani, basi usishangae likikutesa kwenye mtihani. Mdogo wake huyo Thomson, William, ndiye aliyekuja kuitwa Lord Kelvin, na dira aliyoibuni ilifungwa kwenye manowari za Uingereza. Unaona bahari imeshaanza kunukia.

Faida ya radiani ni moja, ukiishika hiyo nyingine zitakufuata. Pembe iliyopimwa kwa radiani ukiizidisha na umbali, unapata upana. Bila kugawanya kwa 180, bila kutafuta pai. Kata radiani 1 vipande 1,000, kila kipande kiite miliradiani. Kitu chenye upana wa mita 1 kikiwa kilomita 1 mbele yako, kinachukua miliradiani 1 ya jicho lako. Kikiwa kilomita 10 mbele, miliradiani 1 ni mita 10. Mtoto wa darasa la tatu anaweza. Kweli hesabu hii ni ya pembe ndogo, pale tao na mstari ulionyooka vinapolingana kiasi cha kutogombana, lakini vitu vya baharini huwa mbali na pembe zake huwa ndogo.

Sasa mweke afisa juu ya daraja la manowari, enzi za kabla ya rada. Ameona meli ya adui. Kitabu chake cha picha za meli kinamwambia kwamba mlingoti wa meli ya namna ile una mita 40 kutoka kwenye maji. Anapima pembe kutoka majini hadi ncha ya mlingoti, anapata miliradiani 5. Mita 40 gawanya kwa 0.005, adui yuko mita 8,000. Angepima kwa nyuzi angepata 0.286, na kabla hajafika kwenye umbali ingebidi kwanza ageuze. Wakati anageuza, mwenzake anafyatua.

Wakitaka uhakika zaidi walitumia kipima masafa, bomba refu lenye kioo kila upande, kama mtu mwenye macho yaliyoachana mita kadhaa. Yale ya kampuni ya Barr and Stroud yaliyofungwa kwenye manowari za Waingereza mwanzoni mwa karne iliyopita yalikuwa na futi 9 baina ya vioo, yaani mita 2.74. Macho hayo mawili yakitazama meli iliyo mita 10,000 mbali, tofauti ya mielekeo yake ni miliradiani 0.27 tu. Hapa ndipo penye utamu. Ukikosea sehemu moja ya mia ya miliradiani, kosa ambalo mkono unaotetemeka kwa baridi unalifanya bila kujua, umbali wako unakosewa mita 365 hivi. Ndiyo maana mabomba yalizidi kurefuka mwaka hadi mwaka, mpaka ile manowari Yamato ya Wajapani ikabeba yenye mita 15. Kosa lilelile la mkono kwenye bomba hilo lingeleta mita 67.

Na meli haitulii. Tuseme adui anakatiza mbele yako kwa mita 15 kwa sekunde, naye yuko kilomita 10. Gawanya 15 kwa 10,000: lazima darubini yako igeuke miliradiani 1.5 kila sekunde ili usimpoteze. Kombora likikaa hewani sekunde 20, inabidi mzinga utangulie mbele yake miliradiani 30, sawa na mita 300, kama unavyompigia pasi winga anayekimbia, unapiga atakapofika. Angalia tena hesabu hiyo: kasi, umbali na mzunguko vimeungana kwa kugawanya mara moja tu. Weka nyuzi hapo katikati uone zitakavyodai 57.3 yao kila hatua, kama askari kwenye kizuizi cha barabarani. Waingereza kama Frederic Dreyer na Arthur Pollen walibuni mashine za magurudumu yenye meno zilizofanya hesabu hizi chumbani chini ya sitaha, meli ikiyumba, na wawili hao waligombana wee nani ana mashine bora. Mashine za Dreyer ndizo zilizokuwa kwenye meli nyingi kubwa za Uingereza siku ya vita vya baharini vya Jutland, 31 Mei 1916.

Lakini usije ukamwambia mtu kwamba nahodha husema "geuza radiani moja kushoto". Hasemi. Usukani na ramani za bahari ni nyuzi hadi leo, na kwa sababu nzuri: dakika moja ya latitudo ni maili moja ya baharini, mita 1,852, kwa hiyo huko nyuzi ndizo zinazolipa umbali bila dalali. Radiani zinaishi kwenye mzinga, kwenye darubini na ndani ya mashine.

Nikuachie na aibu yangu. Mwaka 1986 nilikuwa napima kihamba, shamba la ukoo la migomba, upande wa Uru. Mstari wa mpaka ulikuwa mita 100, uelekeo nyuzi 30 kutoka kaskazini, na katikati kulikuwa na korongo, hivyo ilinibidi nikokotoe mashariki ni kiasi gani na kaskazini ni kiasi gani. Kikokotoo kilikuwa cha kuazima. Mwenye nacho alikuwa mwanachuo, alikiacha kwenye radiani. Juu ya kioo palikuwa na herufi R, ndogo kama chawa, na chini ya kivuli cha migomba sikuiona. Nikatafuta sine ya 30, nikazidisha kwa 100: hasi 98.8. Kosine ikanipa 15.4. Hasi maana yake magharibi, wakati mimi nilitakiwa niende mashariki mita 50 na kaskazini mita 86.6. Mtu mwenye akili angesimama hapo. Mimi nilikuwa na njaa.

Nikapigilia kigingi ng'ambo ya masale ya jirani, hatua tatu kutoka banda la ng'ombe. Bibi mwenye banda akatoka na mundu wa kukatia majani. "Mae! We kijana, unanipimia ng'ombe?" Kwa wasomaji wasio wa huku, sale ni mmea wa mpaka, na anayevuka masale na kigingi bila kuitwa ametafuta kesi ya ukoo mzima. Ni yule mzee mwenye shamba aliyeninong'oneza nichume jani la sale nimpelekee bibi, maana kwa Mchaga jani hilo ndilo la kuombea radhi. Alilipokea. Kisha akanipa mbege, pombe yetu ya ndizi, ambayo kwa njaa ile ilinimaliza, na kazi ikaendelea kesho yake. Tangu siku hiyo kila nikiwasha kikokotoo naandika kwanza sine ya 30. Kikinijibu 0.5 tunaelewana. Kikisema hasi 0.988, najua kiko kwenye radiani, na kiko sahihi kabisa. Mimi ndiye nimeuliza kwa lugha nyingine.

SWALI: Mzee Sevea, mimi ni mkulima wa Kahe. Marehemu babu alikuwa akisema Wajerumani walileta hapa mzinga wa meli, ukapiga kelele mpaka ndege wakahama. Wanangu wananicheka, wanasema meli ya nini Kahe. Babu alikuwa anatunga?

JIBU: Hakutunga, ndugu yangu. Waite hao wanao waje wasikilize.

Mzinga huo ulitoka kwenye manowari ya Wajerumani iitwayo Königsberg. Tarehe 20 Septemba 1914 iliingia alfajiri mbele ya Zanzibar, ikaikuta manowari ya Waingereza, Pegasus, iko matengenezoni. Mizinga ya Königsberg ilikuwa inafika mbali kuliko ya Pegasus, basi ikakaa mahali ambapo inapiga na haipigwi, na Pegasus ikazama. Baadaye Königsberg yenyewe ikapata hitilafu ya mitambo, ikaenda kujificha kwenye delta ya Rufiji, ndani ya mikoko.

Waingereza wakaizingira miezi mingi. Meli zao kubwa hazikuweza kuingia mtoni, zingekwama. Mwishowe wakaleta mbili zenye tumbo bapa, Severn na Mersey, ambazo ziliweza kupanda na maji ya kina kifupi. Walijaribu tarehe 6 Julai 1915 wakashindwa, wakarudi tarehe 11.

Sasa sikiliza kitu ambacho sevea hawezi kukipita bila kusimama. Wapiga mizinga wa Severn na Mersey hawakuiona Königsberg hata chembe. Kati yao na shabaha kulikuwa na kilomita kadhaa za mikoko. Walimpandisha mtu kwenye ndege. Rubani alikuwa Cull, mtazamaji Arnold, na Arnold alikuwa akituma kwa simu ya upepo: limeanguka mbele, limepita, limekwenda kulia. Ndege ikapigwa, ikaanza kushuka, naye bado anatuma masahihisho mpaka ikaangukia mtoni. Wote wawili waliokolewa. Königsberg ikateketea siku hiyo.

Ndani ya yale masahihisho ndimo ilimo hesabu ya yule mjukuu wangu wa kidato cha tano. Wao walitumia vipimo vya vyombo vyao vya wakati ule, mimi nitakuonyesha kwa vipimo vya leo. Kombora limeanguka mita 200 kulia, na masafa ni mita 10,000. Gawanya: 0.02. Geuza mzinga miliradiani 20 kushoto. Imekwisha. Mpiga mzinga hahitaji kuiona shabaha, mradi yeye na mtazamaji wanaongea mita na pembe zinazobadilishana bila chenji. Kosa la mwinuko ndilo baya zaidi. Miliradiani 1 kwenda upande ni mita 10 kwa masafa hayo, lakini miliradiani 1 kwenda juu inaweza kulipeleka kombora mara kadhaa ya hapo, kwa sababu umeligusa tao lote la safari yake. Na meli inayoyumba inakosea juu na chini kila pumzi.

Wajerumani hawakuiacha chuma chao majini. Waliitoa mizinga yote 10, ya kipenyo cha sentimita 10.5, wakaifungia magurudumu na kuipeleka vitani nchi kavu. Machi 1916 majeshi ya Waingereza chini ya Jenerali Smuts yalipoichukua Moshi na kushuka kuelekea Mto Ruvu, mizinga ya Königsberg ilikuwa huku kwenu Kahe ikiwangoja. Walipoondoka Wajerumani waliulipua mmoja wao usiangukie mikononi mwa adui. Kwa hiyo babu yako alisikia kwa masikio yake sauti iliyotengenezwa kwa ajili ya bahari. Na naamini mpiga mzinga wake alifurahi kuliko alivyowahi kufurahi Rufiji, maana udongo wa Kahe hauyumbi.

Wanao wakienda Mombasa, wakatazame Fort Jesus. Mmoja wa mizinga ya Königsberg upo pale.

SWALI: Sisi ni wazee wa kijiwe cha kahawa, Majengo. Mmoja wetu alifundishwa mizinga na Warusi, anasema duara la mzinga lina vipimo 6,000. Mwingine amesoma kitabu cha Wamagharibi, anasema ni 6,400. Mjukuu wa muuza kahawa akatoa simu, akasema ni 6,283. Tumeweka dau la vikombe ishirini. Nani kashinda?

JIBU: Muuza kahawa ndiye aliyeshinda, maana vikombe vitanywewa.

Wazee wangu, nyote mko sahihi. Kijana amechukua 2 mara pai mara 1,000, akapata miliradiani za kweli, 6,283 na mkia. Tatizo ni kwamba huwezi kuchonga mistari 6,283 na mkia kwenye duara la chuma na bado ugawe robo bila mabaki. Kwa hiyo kila jeshi likaikata namba hiyo upande unaoliridhisha. Warusi walishuka hadi 6,000, kwao robo ya duara ni 1,500, na sehemu moja ya sitini ni 100 kamili, inapendeza kwenye saa. Nchi za NATO zilipanda hadi 6,400: robo ni 1,600, nusu ya robo ni 800, kisha 400, kisha 200, unaweza kugawa kwa mbili mpaka uchoke. Waswidi walikaa karibu na ukweli zaidi, 6,300. Mimi ningekuwa na jeshi ningemfuata Mswidi, lakini mimi sina jeshi.

Tofauti si kubwa shambani. Kipimo kimoja cha wale wa 6,400 kwa kilomita 10 ni mita 9.8 badala ya 10. Kimoja cha Warusi ni kama mita 10.5. Kombora lenyewe likipasuka linasamehe zaidi ya hapo. Hatari inakuja pale mmoja wenu anaposoma namba na mwingine anageuza mzinga, na kila mmoja ana duara lake. Mwelekeo wa 3,000 kwa Mrusi ni nyuma yako kamili. Kwa yule wa 6,400 nyuma kamili ni 3,200, na 3,000 inakuacha nyuzi 11 na zaidi pembeni, ambazo kwa kilomita 10 ni karibu kilomita 2. Hapo hata Majengo yote isingetosha kuficha kosa.

SWALI: Mambo vipi mzee. Mimi ni chalii wa Arusha, fundi wa madishi, ofisi yangu ipo Unga Limited. Nimeona picha za manowari za siku hizi, hazina dishi linalozunguka. Zina vibao tu vimebandikwa ukutani. Sasa hizo rada zinatazamaje kushoto na kulia bila mota?

JIBU: Poa chalii wangu. Wewe utaelewa haraka kuliko wengi kwa sababu mkono wako unaijua pembe.

Anza na kazi yako. Dishi la sentimita 90 linapokea mawimbi yenye urefu wa sentimita 2.5 hivi. Gawanya 2.5 kwa 90: radiani 0.028. Hiyo ndiyo, kwa kukadiria, unene wa jicho la dishi lako, nyuzi moja na nusu na ushee. Ndiyo maana kunguru akitua vibaya mteja anakupigia simu usiku wakati wa mechi. Kanuni ni hiyohiyo kwa manowari: urefu wa wimbi gawanya kwa upana wa antena, unapata radiani. Rada yenye mawimbi ya sentimita 10 na antena ya mita 4 ina jicho la radiani 0.025. Kwa kilomita 40, zidisha, jicho hilo lina upana wa kilomita 1. Meli zinabeba antena kubwa kwa sababu hiyo, na kwa sababu hiyo pia huwezi kumwuzia mtu dishi la sentimita 40 ukamwahidi picha ya la 90. Najua wapo wanaofanya hivyo pale mjini.

Sasa kugeuka bila mota. Umewahi kutazama gwaride linapokunja kona? Safu imenyooka, askari wa ndani anakanyaga palepale, wa pili anapiga hatua fupi, wa nje anatanua. Hakuna aliyeibeba safu na kuigeuza. Imegeuka kwa sababu kila mmoja amepishana kidogo na jirani yake. Kile kibao ukutani ni safu ya antena ndogo maelfu, na kila moja inaambiwa ichelewe kidogo kuliko jirani.

Ichelewe kiasi gani? Tuseme zimeachana sentimita 5, wimbi ni sentimita 10, na unataka mwale uende nyuzi 30 pembeni. Sine ya 30 ni nusu, hivyo wimbi la jirani lina sentimita 2.5 zaidi za kusafiri. Sentimita 2.5 kati ya 10 ni robo ya wimbi, na wimbi zima ni mzunguko mmoja, radiani 6.28. Robo yake ni 1.57. Kila antena ndogo inachelewa radiani 1.57 nyuma ya mwenzake, na mwale unakwenda nyuzi 30 bila msumari kutikisika. Ukitaka upande mwingine unabadili namba, na umeme hauna uzito wa kusubiri kama mota.

Marekani iliingiza kazini manowari Ticonderoga mwaka 1983 ikiwa na rada ya namna hii, SPY-1, yenye vibao vinne, kila kimoja kikilinda robo yake ya upeo wa macho. Robo ya duara ni hiyohiyo radiani 1.57. Ukiniuliza mimi, hiyo namba inastahili kuandikwa ukutani kwenye karakana yako, karibu na bei.

SWALI: Mzee, fupi tu. Nimeolewa Moshi natokea Arusha. Mume wangu anasema mlima wao ni mkubwa. Mimi nikiwa nyumbani kwetu Arusha naona Meru inajaa angani kuliko Kibo ninavyoiona hapa. Ni macho yangu au ni nini?

JIBU: Ni macho yako, na yako sawasawa, mwanangu. Tumia hesabu ya leo. Kilele cha Kibo kina mita 5,895, kimeipita Moshi mjini kwa mita kama 5,000, na kiko kama kilomita 30. Tano gawanya kwa 30: radiani 0.167. Meru ina mita kama 4,560, imeipita Arusha mjini kwa kama 3,160, lakini iko kilomita 15 tu. Gawanya: 0.21.

Kwa nyuzi, Kibo inasimama 9 na nusu machoni pa mtu wa Moshi, na Meru karibu 12 machoni pa mtu wa Arusha. Mimi ni mzaliwa wa Kibosho na imeniuma kuandika hivyo. Mwambie mumeo anyooshe mkono mbele na kukunja ngumi: ngumi moja ni kama nyuzi 10. Apime saa kumi na mbili asubuhi, kabla wingu halijashuka. Ikimshinda, asisingizie ngumi.